Njia ya Pugu: Historia ya Maono Yaliyobebwa na Wengi

Mto Msimbazi huzaliwa katika vilima vya Pugu, mpakani mwa Dar es Salaam na Kisarawe. Ukishatoka huko hushuka mabondeni, ukapita pembezoni mwa Kinyerezi na Segerea, ukaambaa Tabata, Vingunguti na Kigogo hadi Jangwani, kisha ukamwaga maji yake baharini kwenye Daraja la Selander. Sisi wakazi wa Segerea tunaujua kwa mafuriko yake ya masika. Barabara ya zamani ya Pugu nayo huteremka kuelekea huko huko mjini: Gongo la Mboto, Ukonga, Kipawa, Buguruni, Ilala, hadi Kariakoo. Mwaka 1953 mwalimu mmoja mwembamba wa shule ya wamisionari kule vilimani alianza kuifuata njia hiyo mwisho wa juma, kwenda kukutana na watu wa mjini.

Mwalimu huyo ni Julius Kambarage Nyerere, na leo barabara aliyoipita ina jina lake. Akitajwa mwenye maono katika Tanzania, yeye hutangulia. Siku hizi neno hilo limekuwa jepesi. Anayegombea udiwani hulitumia, na anayefungua kampuni hulitumia. Ndiyo maana inafaa turudi kwenye njia ya Pugu tukalipime. Maono ya Mwalimu yalianzia wapi? Nani waliyalipia? Na yalipowaumiza watu, yalipotelea wapi?

Waliotangulia kuona

Nusu karne kabla ya Nyerere kufika Pugu, nchi hii ilikuwa imekwisha kumsikiliza mwenye maono mwingine. Kinjeketile Ngwale aliishi Ngarambe, katika Rufiji. Alidai kupagawa na pepo Hongo, akawagawia watu maji ya dawa ya kuwakinga na risasi za Wajerumani. Watu wa makabila yaliyokuwa hayajawahi kushirikiana walifunga safari kumfuata. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba ya kulazimishwa, na vita vikawaka. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjeketile huko Mohoro, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaenea. Vilipomalizika mwaka 1907, makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, yalianzia 75,000 na kufika 300,000.

Maji hayakuzuia risasi. Lakini jambo moja Kinjeketile aliliona sawasawa: Mmatumbi, Mngindo na Mpogoro walikuwa na adui mmoja, na wangeweza kusimama upande mmoja. Mwaka 1956, akizungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, Nyerere aliwakumbuka watu wa Majimaji. Alieleza kwamba hawakuinuka kwa ushirikina wala kwa woga. Waliitikia wito uliomo ndani ya kila mtu wa kukataa kutawaliwa na mgeni. Kazi ya chama chake, alisema, ilikuwa kuonyesha njia mpya ya kuitikia wito ule ule.

Mjini Dar es Salaam mbegu nyingine ilipandwa bila kelele. Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894, mtoto wa askari wa Kizulu aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji. Mwaka 1924 Dk. James Aggrey, msomi wa Gold Coast, alipita Dar es Salaam akawahimiza Waafrika waungane. Mwaka 1929 Kleist na wenzake waliunda African Association. Mwalimu Cecil Matola akawa rais, Kleist akawa katibu. Walijenga ofisi yao New Street, Kariakoo, kwa kujitolea. Katika mji ambao mtu alijulikana kwa kabila lake, wao walichagua kujiita Waafrika. Kleist alifariki mwaka 1949, miaka 12 kabla ya uhuru.

Chama hicho, ambacho baadaye kiliitwa Tanganyika African Association, yaani TAA, kilipata damu mpya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Abdulwahid, mtoto wa Kleist, alikuwa amerejea kutoka Burma alikopigana chini ya bendera ya Mwingereza. Mwaka 1950 kamati ya siasa ya TAA, yenye watu kama Sheikh Hassan bin Amir, Hamza Mwapachu, Dk. Vedast Kyaruzi, Steven Mhando na John Rupia, iliandika mapendekezo kwa serikali kuhusu katiba ya nchi. Mwaka 1951 serikali iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika New York kuyalalamikia mashamba yao. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, Mwingereza akiisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo mlango huo ulikuwa wazi kwa anayejua kuubisha. Wameru hawakurudishiwa ardhi yao wakati ule, ila nchi nzima iliona kwamba mlango upo.

Mwalimu anashuka mjini

Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, mama yake akiwa Mugaya. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaendelea Tabora, kisha Makerere. Alifundisha St. Mary's, Tabora, halafu mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alirudi mwaka 1952 na shahada yake, akamwoa Maria Gabriel Januari 1953, akapangiwa kazi ya kufundisha historia St. Francis' College, Pugu, shule ya Wakatoliki iliyo umbali wa takribani kilomita 20 kutoka katikati ya mji.

Kwa kijana Mwafrika wa wakati ule, hayo yalikuwa maisha yaliyokamilika. Shahada anayo, mke anaye, mshahara upo, heshima ya mwalimu anayo. Angeweza kukaa kilimani na vitabu vyake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Joseph Kasella Bantu ndiye aliyemfikisha nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, Kariakoo. Wazee wa Kariakoo husimulia hadi leo jinsi mwalimu wa Pugu alivyokuwa akija mjini, mara nyingine kwa miguu, akakaa barazani na watu waliomzidi kwa kuujua mji. Wao walijua nani ana gari, nani ana sauti msikitini, nani anaaminika sokoni na nani anapeleka habari kwa Mzungu. Yeye alijua lugha ya katiba na ya mikataba. Kila upande ulikuwa na kilichopungua upande wa pili.

Aprili 1953, katika Ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja, TAA ilifanya uchaguzi na Nyerere akachaguliwa rais kuchukua nafasi ya Abdulwahid. Hapa ndipo ningependa msomaji asimame kidogo. Abdulwahid alikuwa mtoto wa mwanzilishi, ana jina mjini, chama kilikuwa kama urithi wa nyumba yao. Aliyechukua kiti alikuwa mgeni wa bara, Mkristo katika mji wa Waislamu, ambaye hata miezi michache hajamaliza Pugu. Baada ya uchaguzi Abdulwahid alibaki chamani akamsaidia, na nyumba yake haikufungwa mlango. Tunapohesabu wenye maono wa nchi hii, huyu naye ahesabiwe. Kuona kwamba kazi inamhitaji mwingine, ukampisha, ni kuona mbali pia.

Mwaka huo huo Gavana Edward Twining aliwapiga marufuku watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Wasomi wengi wa TAA walikuwa makarani, madaktari na maofisa wa serikali, kwa hiyo waraka ule ulikusudiwa kukata kichwa cha chama. Mwalimu wa shule ya misheni hakuwa mtumishi wa serikali. Kwa muda, Pugu ilikuwa kivuli chake.

Saba Saba

Tarehe 7 Julai 1954, siku ya saba ya mwezi wa saba, watu 17 walikutana katika nyumba ile ya New Street. Walikuwamo Germano Pacha na Saadani Abdu Kandoro, Tewa Said Tewa na Patrick Kunambi, Kirilo Japhet wa Meru, Dossa Aziz, John Rupia, ndugu wawili Abdulwahid na Ally Sykes, Kasella Bantu aliyekuwa amewakutanisha watu, na wengine. Waliibadilisha TAA kuwa Tanganyika African National Union, yaani TANU. Walitoka dini mbalimbali na pembe mbalimbali za nchi, na chama walichokiunda kilikuwa na shabaha moja isiyohitaji mfasiri: kujitawala.

Kadi zikachapishwa. Namba moja ikawa ya Nyerere. Dossa Aziz alitoa gari lake kwa kazi za chama. John Rupia, mfanyabiashara, alitoa fedha. Haya hayasimuliwi sana kwa sababu hotuba husikika kuliko petroli. Lakini chama kisichokuwa na ofisi Musoma, Lindi wala Mbeya kilikuwa na jambo moja la kufanya, nalo ni kufika huko, na kufika kuna gharama.

New York, kisha Pugu

Agosti 1954 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulizunguka Tanganyika. Taarifa yake ilipotoka mwanzoni mwa 1955 ilisema nchi hii ingeweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Serikali ya Twining ilikasirika, kwani yenyewe haikutaka muda wowote utajwe. Kwa michango ya wanachama, TANU ilimtuma Nyerere New York. Tarehe 7 Machi 1955 alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini.

Alichokiomba siku ile kilikuwa cha kiasi. Aliomba itamkwe wazi kwamba Tanganyika, ingawa ina wakazi wa rangi zote, itakuja kutawaliwa na Waafrika walio wengi, na wengine wote wataishi humo wakiwa raia wenye haki sawa. Ombi hilo dogo lilipasua sera nzima ya Twining ya kugawa viti sawa kwa Wazungu, Waasia na Waafrika, kana kwamba makundi hayo matatu yalilingana kwa idadi.

Aliporudi, mashaka ya wakubwa wa serikali yaligeukia shule. Walezi wake wa Pugu walimtaka achague kati ya siasa na ualimu. Machi 1955 aliandika barua ya kuacha kazi. Alikuwa na mke, watoto wadogo na hana kipato kingine. Alirudi Butiama, kwa miezi kadhaa alimfundisha padri mmoja wa Maryknoll lugha ya Kizanaki, kisha akarejea Dar es Salaam kukitumikia chama. Mama Maria alifungua duka dogo ili nyumba ipate riziki.

Tangu hapo nchi nzima ilimwita Mwalimu, jina la kazi aliyoiacha. Mwenyewe alipenda kusema kwamba ualimu aliuchagua na siasa ilimkuta tu. Mimi naona barua ile ya Machi ndiyo mwanzo hasa wa kumwita mwenye maono. Kabla yake alikuwa msomi mwenye fikra nzuri, na wa aina hiyo hawakukosekana. Siku alipoweka mshahara wake mezani, watu walipata kipimo cha kumwamini. Mtu anaweza kukueleza habari za ng'ambo ya mto siku nzima. Utamfuata pale utakapomwona amekunja suruali na kuingia majini.

Bibi Titi na sauti za wanawake

Bado TANU ilikuwa chama cha wanaume karibu watupu. Aliyeifungulia mlango wa nyumba za watu alikuwa Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1926, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo, na Kiingereza hakikuwa lugha yake. Mwaka 1955 alipewa kuongoza tawi la wanawake wa TANU, naye alijua pa kuanzia: vikundi vya ngoma. Kila mtaa ulikuwa na kikundi chake cha wanawake, kina kiongozi, kina mwekahazina, kina sare na kina nidhamu. Alikwenda kwa viongozi wao mmoja mmoja, na katika miezi michache maelfu ya wanawake walichukua kadi.

Wengi wao walikuwa wapika vitumbua, wauza samaki na mama wa nyumbani. Mume mtumishi wa serikali alikatazwa siasa, lakini mkewe hakukatazwa. Wao ndio waliochangisha senti, wakapokea wageni wa chama kutoka mikoani, wakapika na kujaza viwanja vya Mnazi Mmoja na Jangwani kwa kanga zao na vigelegele. Bibi Titi alipopanda jukwaani, maneno makubwa ya katiba aliyageuza kuwa Kiswahili cha uani. Lugha hiyo ilimfikia kila mtu, na kwa sababu Kiswahili kilizungumzwa toka pwani hadi ziwani, TANU haikuhitaji mkalimani popote ilipokwenda. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Mwalimu peke yake asingeitoa nchi hii kwenye mazoea ya miaka sabini.

Tope la Tabora

Serikali haikukaa kimya. Matawi ya TANU yalifungwa katika wilaya kadhaa, na mwaka 1957 Nyerere alizuiwa kuhutubia hadharani. Ilipoitishwa mara ya kwanza kura ya kuwachagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, iliwekewa sharti gumu: kila mpiga kura amchague Mzungu mmoja, Mwasia mmoja na Mwafrika mmoja. Ndiyo iliyoitwa kura tatu. Sifa za mpiga kura nazo, za elimu na kipato, ziliwaacha nje Waafrika wengi.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua iingie au isusie. Wajumbe wengi walikwenda wakiwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa ya haki. Nyerere aliwaomba wameze uchungu na waingie, hata kama ni kukanyaga tope. Mjadala ulikuwa mkali, na mwisho wakamkubali. Zuberi Mtemvu alijitenga akaunda African National Congress. Uamuzi ule unaitwa mpaka leo Uamuzi wa Busara. Katika chaguzi za Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea waliokuwa na TANU, Waafrika, Waasia na Wazungu, walishinda kila mahali palipopigwa kura. Chombo kilichoundwa kuwagawa watu kwa rangi kiligeuka ushahidi kwamba watu wa rangi zote wangeweza kusimama na TANU.

Katikati ya mwaka 1958 Nyerere alisimama kizimbani Dar es Salaam kwa makala aliyoiandika katika Sauti ya TANU dhidi ya wakuu wawili wa wilaya. Alihukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Wapo waliotamani aende gerezani, kwa kuwa gereza lingemwongezea utukufu. Yeye alilipa faini, na wanachama walichanga. Gavana mpya, Richard Turnbull, alikuwa ndiyo kwanza amefika, na mlango wa mazungumzo ulikuwa umeanza kufunguka. Aliona uhuru uko karibu kuliko utukufu.

Ulikuwa karibu kuliko hata alivyodhani mwenyewe. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Mei 1961 Tanganyika ikapata serikali ya ndani, na tarehe 9 Desemba 1961 ikawa huru, huku Luteni Alexander Nyirenda akiwasha mwenge juu ya Kilimanjaro. Ile miaka 20 hadi 25 iliyotajwa mwaka 1955 ilikuwa imefupishwa kuwa chini ya saba, na waliofupisha ni mamilioni ya watu walioichukua njozi ya wachache wakaikimbiza mbele ya waliokuwa wameiota.

Baada ya bendera

Mwezi mmoja na siku chache baada ya uhuru, Januari 1962, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu. Rashidi Kawawa akashika nafasi, na Nyerere akazunguka nchi kukijenga chama na kueleza maana ya uhuru kwa watu waliokuwa bado hawana maji wala shule. Desemba mwaka huo nchi ikawa jamhuri naye akarudi akiwa rais, baada ya kupata kura 1,127,978 dhidi ya 21,276 za Mtemvu.

Hata kabla ya bendera kupanda, Oktoba 1961, chuo kikuu kilifunguliwa katika jengo la TANU, barabara iliyokuja kuitwa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini. Nchi bado haikuwa na majengo ya chuo, ikatoa jengo la chama. Mwaka 1964 chuo kilihamia Ubungo. Mwaka 1967, kwa hesabu ya sensa, watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Yakaja madarasa ya jioni, kengele za ngumbaru, bibi na mjukuu wakishika ubao mmoja. Kufikia 1977 wasiojua kusoma walikuwa 27 katika 100. Kama maono hupimwa kwa vitu vilivyobaki mikononi mwa watu, hili ndilo lililo kubwa kupita yote aliyoyafanya.

Pale yalipowalemea watu

Historia ya haki haiwezi kuishia hapo. Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangaza ujamaa na kujitegemea, na Oktoba mwaka huo Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono. Mwanzoni kuhamia vijiji vya ujamaa kulikuwa hiari. Novemba 1973 kukawa amri. Katika Operesheni Vijiji ya 1974 hadi 1976, mamilioni ya wakulima walihamishwa. Mahali pengi walilazimishwa, na mahali pengine nyumba zilichomwa nyuma yao ili wasirudi. Mashamba yaliachwa, mavuno yakapungua, njaa ikabisha hodi.

Ukilinganisha miaka hiyo na ile ya 1950, tofauti inaonekana wazi. Mwaka 1955 TANU haikuwa na polisi. Ilibidi Bibi Titi abishe mlango, aeleze, akataliwe, arudi tena. Njozi ilipita katika vinywa vya watu wengi kabla ya kuwa kazi, na kila kinywa kiliichonga kidogo iingie katika maisha ya mwenyewe. Mwaka 1974 mkuu wa wilaya alikuwa na lori na amri, na amri haikuhitaji mjadala. Walioona kosa mapema hawakuwa na pa kulisemea. Serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa mwaka 1972. Vyama vya ushirika vikafuatia mwaka 1976.

Na baadhi ya waliombeba walisahauliwa au waliumizwa. Abdulwahid Sykes alifariki Oktoba 1968, na kwa miaka mingi vitabu vya shule vilimpitia juu juu. Bibi Titi alikamatwa mwaka 1969, akashitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972. Aliishi kimya kirefu hadi alipofariki Novemba 2000. Barabara yenye jina lake leo inapita jirani na Mnazi Mmoja, alikosimama mara nyingi.

Lakini liandikwe pia kwamba Mwalimu hakung'ang'ania. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Arusha, aliandika tathmini akikiri kwamba nchi haikuwa ya kijamaa wala haikujitegemea. Mwaka 1984 alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na ushirika lilikuwa kosa. Mwaka 1985 aliondoka Ikulu kwa hiari, akampisha Ali Hassan Mwinyi, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Viongozi wachache wa zama zake waliandika makosa yao kwa mkono wao na kuondoka kwa miguu yao.

Segerea, leo

Mwaka 1957 Dar es Salaam yote ilikuwa na watu takribani 129,000, na pande zetu hizi zilikuwa mashamba na pori la njiani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa. Uwanja wa ndege wa Kipawa una jina la Mwalimu. Treni ya umeme iliyoanza safari mwaka 2024 ina kituo Pugu, na shule ya Pugu bado inafundisha. Kila alfajiri watu wa Segerea, Kinyerezi na Bonyokwa hushuka mjini kwa daladala na bodaboda kama mto unavyoshuka, wakifuata riziki.

Tunasubiri mara kwa mara atokee mwenye maono aje atuokoe na mafuriko ya bonde, na barabara za vumbi, na vijana wasio na kazi. Historia ya njia ya Pugu inatufundisha namna ya kumtambua akija. Tumuulize ameacha nini kwa ajili ya anachokihubiri. Tumuulize nani walianza kazi hiyo kabla yake, na kama anayataja majina yao. Tumtazame anavyokaa barazani na wanaomzidi maarifa ya mtaa, na kama yuko tayari kuambiwa amekosea na mama anayeuza vitumbua. Mikutano ya mtaa iliyorudi baada ya kosa la 1972 ndiyo baraza letu. Tukiiacha tupu, tumemwachia mkuu wa wilaya lori na amri.

Na kuna kazi moja isiyosubiri kiongozi. Katika nyumba zetu bado wamo wazee waliokuwa watoto au vijana miaka ile: aliyebeba viti Jangwani, aliyepikia wageni wa chama, ambaye mama yake aliificha kadi ya TANU chini ya godoro mumewe asifukuzwe kazi. Majina yao hayamo katika orodha ya wale 17. Ukiwa naye nyumbani mmoja wao, keti naye jioni hii, muulize, uandike jina lake na alichokifanya, kabla hajaondoka nacho.